Uhuru Park: stori zenye tumezoea na venye mambo yalikuwa

Kuna stori za Uhuru Park zimezunguka hii Nairobi mpaka zimekuwa kama ukweli, unazisikia kwa matatu, unazisikia kwa wazazi wakipeleka watoto kupanda boti Jumapili, na zingine zinaniuma sana juu zinafuta watu waliolipia hiyo nyasi na miili yao.

Ya kwanza ni eti bendera yetu ilipandishwa hapo usiku wa uhuru. Zii. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 watu walijaa Uhuru Gardens, kule Lang'ata Road, na hizo ni sehemu mbili tofauti kabisa. Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta Mei 1969. Na kwa vijana wanaodhani imepewa jina la Uhuru Kenyatta, huyo wakati huo alikuwa mtoto wa miaka saba.

Alafu ziwa. Watu wanaapa lilikuwa hapo tangu zamani za Wamaasai. Hilo ziwa ni la kuchimbwa, lilitengenezwa na watu kama sehemu ya paki, basi.

Sasa kuna hii ya Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira. Ukiuliza watu wengi watakuambia alipanda miti Uhuru Park akapigwa na askari ndio paki ikabaki. Wamechanganya vita tatu. Mwaka wa 1989 KANU, chama kilichokuwa kinatawala, kupitia gazeti lake la Kenya Times, pamoja na tajiri wa Uingereza Robert Maxwell, walitaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya paki, na sanamu kubwa ya Rais Moi. Fikiria pale kwa mteremko wa nyasi, mahali mtu wa ofisi anavua viatu lanchi anajinyoosha, mhubiri anapaza sauti upande huu, mpiga picha na kamera yake shingoni anakuuliza kama unataka moja ya kumbukumbu, hapo ndio simiti ingemwagwa. Silaha ya Wangari haikuwa jembe, ilikuwa barua. Aliandikia ofisi ya rais, akaandikia watu wa Umoja wa Mataifa, akaandikia balozi wa Uingereza, akaenda kotini na kesi ikatupwa. Bungeni waheshimiwa wakasema wanawake wa Green Belt, shirika la Wangari la kupanda miti, ni kundi la walioachika, na baadaye wakafukuzwa kwa ofisi yao. Lakini kelele ilishafika kwa wenye pesa huko nje, na 1990 ule mpango ukafa. Kupigwa kwake huko kwa msitu wa Karura kulikuja baadaye, 1999, hiyo ni vita ingine.

Na kile kipigo cha Uhuru Park kweli kilikuwepo, ila hakikuwa cha jengo. Hapa ndio naomba msome polepole. Februari 1992 akina mama, wengi wao wazee, walikaa hapo wakafunga kula wakidai vijana wao waliofungwa kwa sababu ya siasa waachiliwe. Machi 3 polisi wakawavamia na marungu na gesi, Wangari akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya hao mama wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila Mkenya anaielewa. Hawakurudi nyumbani, walihamia kanisa la All Saints hapo kando wakakaa karibu mwaka mzima mpaka wengi wa vijana wao wakatoka. Kwa hivyo anayekuambia Freedom Corner, ile kona ya paki walipokaa, ni jina la kukumbuka 1963, mwambie ni jina la hao mama.

Hapo hapo kuna mnara wa Mau Mau, wengi wanadhani ni serikali yetu iliujenga. Pesa zilitoka Uingereza, na hazikutoka kwa roho safi. Wazee wetu waliwashtaki Waingereza kwa koti ya London kwa mateso ya kambi za wakoloni, 2013 Uingereza ikakubali kulipa wazee zaidi ya 5,000, na mnara ukafunguliwa Septemba 2015.

Ya mwisho ni wale wanasema siku hizi hakuna mtu anaweza guza hiyo paki. 2019 ramani ya Expressway, ile barabara ya juu ya Nairobi, ilikuwa inakata kipande chake, watu wakapiga kelele, ndio barabara ikasongeshwa.