Je, wajua kwa nini simu humsaidia mtu anayerejea kazini baada ya kuugua kwa muda mrefu?

Mtu aliyeugua kwa miezi mingi, iwe ni kiharusi, kifua kikuu au saratani, mara nyingi hurudi kazini kabla nguvu zake hazijarudi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humhakikishia mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 kazini angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Asiye na mkataba unaompa zaidi ya hapo hurudi mapema, apende asipende.

Ugumu ni kwamba uchovu wa baada ya ugonjwa aghalabu huchelewa kujitokeza. Mtu huamka akijiona mzima, akajitwika kazi zote zilizolala, kisha kesho yake akashindwa kuinuka kitandani, wala asijue hasa ni lipi kati ya mambo ya jana lililomwangusha. Kumbukumbu haitoshi kulibaini hilo, lakini programu ya shajara ya afya katika simu huweza.

Tuchukue mfano wa karani wa bohari huko Shimanzi, katika kisiwa cha Mombasa, mkazi wa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha feri, anayepona kiharusi. Kila jioni anajaza saa alizolala, shughuli alizofanya, na kiwango cha uchovu kuanzia 0 hadi 10. Wiki chache baadaye, grafu inaweza kumwonyesha kwamba kinachommaliza si kuhesabu magunia, bali ni kusimama katika msongamano wa feri alfajiri na kupanda ule mwinuko wa kutokea akisukumwa na umati. Akiomba kuripoti saa nne asubuhi, umati ukiwa umepungua, anaomba jambo ambalo mwajiri analielewa na ambalo halimgharimu sana.

Hesabu ya hatua, ambayo wengi huishabikia, siiamini sana katika jambo hili. Kihisi cha simu hutambua mtikisiko wa mwili tu. Hakijui kwamba saa moja ya kukodolea macho kompyuta yaweza kumchosha aliyepata kiharusi kuliko matembezi ya kwenda sokoni.

Hata hivyo, shajara isiyosomwa na mtu mwingine hufika mahali ikakwama. Utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2010, ingawa haukuhusu kurejea kazini, unafundisha hapa. Ulihusisha watu 538 walioanza dawa za VVU Nairobi na Kajiado, na takriban nusu yao walitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wa kuwauliza “Mambo?”, wakatakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Aliyejibu “Shida”, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walifuata dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wenzao. Kwa maoni yangu, uzito ulikuwa katika ile simu ya mhudumu kuliko katika ujumbe wenyewe. Kwa hiyo shajara na ipelekwe kliniki, daktari aisome na kupanga na mgonjwa saa za kazi.

Mwajiri hana haja ya kuiona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na barua ya daktari inayotaja saa na kazi zinazofaa humtosha.