Mhandisi wa kompyuta si kila mtu wa kompyuta

Ukihudhuria harambee ya karo Ahero, Luanda au Mumias wakati vyuo vikuu vinapopokea wanafunzi wapya, hutakosa kumsikia msemaji akitangaza kwamba kijana wa nyumba hiyo anakwenda kusomea uhandisi wa kompyuta. Barua ya chuo ikisomwa mbele ya watu, mara nyingi hubainika kuwa kozi yenyewe ni sayansi ya kompyuta, au teknolojia ya habari, au stashahada ya kutengeneza na kuunganisha kompyuta, na hakuna anayeshtuka, kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuamini kwamba yote ni mamoja na kwamba jina la mhandisi ni namna ya heshima ya kuyataja. Hivi karibuni nimemsikia hata mgeni aliyealikwa katika siku ya ushauri wa taaluma, katika shule moja ya upili karibu na Kisumu, akiwaambia wanafunzi wa kidato cha nne kwamba sayansi ya kompyuta ni daraja la kwanza na uhandisi wa kompyuta ni daraja lililo juu yake. Kauli hiyo si ya kweli, na mwanafunzi akiifuata wakati wa kuchagua kozi, itamgharimu miaka.

Uhandisi wa kompyuta ni taaluma ya kubuni, kuunda na kujaribu mitambo inayokokotoa, pamoja na programu zinazokaa karibu kabisa na mitambo hiyo. Mwenye taaluma hii hushughulika na saketi (njia zinazopitisha umeme ndani ya kifaa), prosesa (chipu inayokokotoa), kumbukumbu, vitambuzi na maagizo yanayoviendesha, na hutarajiwa kuielewa njia nzima kuanzia mkondo wa umeme hadi tarakimu inayoonekana kwenye skrini. Taaluma hiyo ilikua kati ya uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta, na huchanganywa na zote mbili. Fasili haihitaji zaidi ya hapo, maana ugumu wote uko katika mipaka yake.

Mpaka unaokiukwa zaidi ni ule ulio baina yake na sayansi ya kompyuta, na njia nyepesi ya kuuona ni kurudi nyuma kabla kompyuta tunazozijua hazijakuwepo. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing aliandika makala ya hisabati akiuliza ni mambo gani yanayoweza kukokotolewa kwa kufuata kanuni hatua kwa hatua. Mashine aliyoieleza ilikuwa ya kufikirika, yenye utepe usio na mwisho, na hakuna aliyetarajiwa kuiunda. Ilitosha kuiwazia ili kuthibitisha kwamba yapo maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu kamwe. Mwaka uliofuata kijana Mmarekani, Claude Shannon, aliyekuwa akisomea uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT, aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili akionyesha kwamba swichi za umeme za aina ya relei, kama zile zilizotumika katika mitambo ya simu, zinaweza kupangwa zikatekeleza mantiki ya kweli na si kweli ambayo George Boole aliiasisi katika karne ya 19. Turing hakuhitaji waya hata mmoja ili hoja yake isimame, ilhali Shannon alianza na waya na swichi, akauliza ni kwa mpango gani vitafanya kazi inayotakiwa kwa idadi ndogo kabisa ya vifaa. Mwanasayansi wa kompyuta wa leo ni mrithi wa swali la kwanza, naye mhandisi wa kompyuta amerithi swali la pili.

Hata vyuoni taaluma hizi hazikupandiana mabegani. Chuo Kikuu cha Purdue kilianzisha idara ya sayansi ya kompyuta mwaka 1962, ya kwanza nchini Marekani, na ilipofika 1971 programu ya uhandisi wa kompyuta ya Case Western Reserve, jimboni Ohio, ikawa ya kwanza nchini humo kupewa ithibati kama kozi ya uhandisi inayojitegemea. Mwaka huohuo kampuni ya Intel ilitoa prosesa yake ya 4004, iliyokusanya transista 2,300, yaani swichi ndogo mno za umeme, katika chipu moja, na kuanzia hapo ikawezekana kuitia kompyuta ndani ya kifaa chochote, hata kile ambacho mwenye nyumba hatakiita kompyuta.

Kifaa cha aina hiyo kimetundikwa katika maelfu ya nyumba za Kisumu na Nakuru, nacho ni mita ya umeme wa tokeni. Sijapata mfano unaoieleza kazi ya mhandisi wa kompyuta vizuri kuliko huo. Tokeni unayotumiwa kwenye simu ina tarakimu 20, na tarakimu 20 haziwezi kubeba zaidi ya biti 66 za taarifa, biti moja ikiwa ni sufuri au moja. Waliobuni mfumo huo nchini Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walizigawa biti hizo kwa ubahili mkubwa: 16 zikaeleza kiasi cha umeme, 16 zikawekwa ili kugundua tarakimu iliyokosewa, 24 zikahesabu dakika, na 10 zilizobaki zikagawanywa baina ya aina ya tokeni na nambari ya kubahatisha inayofanya tokeni mbili zisifanane. Dakika zilihesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na kazi yake ni kuipa kila tokeni alama ya wakati wake, ili mita iitambue na kuikataa ikiletwa mara ya pili. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, ambazo hazifiki miaka 32, na hesabu hiyo iliishia tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya siku hiyo mita ambayo haikuwa imebadilishiwa ufunguo wa siri na tarehe ya kuanzia isingezikubali tokeni mpya, hata kama mteja amelipa. Kwa sababu hiyo wateja wa Kenya Power waliletewa mafungu mawili ya tarakimu 20 juu ya tokeni yao ya kawaida, wakatakiwa kuyabonyeza kwanza. Tokeni zinazotolewa kwa mita zilizofanyiwa hivyo zinahesabu dakika kuanzia mwaka 2014.

Wengi waliiona shughuli ile kuwa usumbufu wa kampuni ya umeme, na wapo waliodhani ni ulaghai. Kilichokuwa kikifanyika ni uamuzi wa kihandisi wa miaka thelathini iliyopita kufikia kikomo chake. Biti zingeweza kuongezwa, lakini kila biti chache zilizoongezwa zingerefusha tokeni, na mteja ndiye ambaye angeibonyeza kwa kidole, gizani, umeme ukiwa umekwisha. Mita ingeweza pia kuunganishwa na mtandao ili isihitaji kubonyezwa chochote, ila bei yake ingepanda, na wakati ule mtandao wa kuunganishwa nao haukuwepo katika vijiji vingi. Kupima gharama, nafasi, uimara na udhaifu wa mtumiaji, kisha kukubali kikomo kinachojulikana tangu siku ya kwanza, ndiyo kazi ya kila siku ya mhandisi. Yeye ndiye anayeamua chipu gani itumike, namna ya kupima mkondo unaopita, jinsi mita itakavyomgundua anayeichokoa, na jinsi salio litakavyohifadhiwa katika kumbukumbu isiyofutika umeme unapopotea, na umeme wetu unajua kupotea.

Mwanasayansi wa kompyuta naye hakukosa kazi katika mita hiyo, kwa kuwa elimu ya kusimba tokeni isighushiwe imejengwa juu ya hisabati anayoishughulikia yeye. Mtaalamu wa teknolojia ya habari ndiye anayehakikisha kwamba malipo yako ya M-PESA yanafika katika kompyuta inayouza tokeni na kwamba jibu linarudi hata usiku wa manane. Hakuna kati ya hao aliye juu ya mwingine, na kozi zao hazifuatani kama madarasa ya shule. Mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta akiendelea kusoma, atapata shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta. Hatageuka mhandisi kwa kupanda ngazi hiyo.

Kuhusu mafundi nitasema machache. Kijana wa Kondele anayebadilisha skrini, kuondoa virusi na kupakia upya mfumo wa uendeshaji anafanya kazi halali inayotaka ujuzi, na pengine anaijua kompyuta iliyo mbele yake kuliko mhandisi aliyeibuni, kama vile fundi bomba anavyoyajua mabomba ya mtaa wake kuliko aliyeyachora. Kumwita mhandisi hakumwongezei ujuzi, ila kunamfanya mdogo wake aliye shuleni aamini kwamba uhandisi unapatikana kwa cheti cha miezi mitatu.

Nchini Kenya tofauti hii imeandikwa katika sheria. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ambayo humsajili mwenye shahada ya uhandisi inayotambuliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na baada ya kufanya kazi chini ya usimamizi kwa muda usiopungua miaka mitatu na kufaulu tathmini, akaweza kusajiliwa kuwa mhandisi wa taaluma. Kwa waliosomea upande wa teknolojia ya uhandisi na ufundi sanifu ipo sheria nyingine, ya mwaka 2016, yenye bodi yake ya usajili. Mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta au teknolojia ya habari, hata awe hodari namna gani, hana shahada ambayo Bodi ya Wahandisi inaitafuta. Hilo halimzuii kuandika programu, kufungua kampuni au kulipwa vizuri, kwa sababu kazi hizo hazidai usajili wa bodi hiyo. Litamzuia tu siku atakapoomba kazi iliyotangazwa kwa ajili ya wahandisi waliosajiliwa, na siku hiyo huwa amechelewa sana kuuliza.

Mkanganyiko umezidishwa na jina la uhandisi wa programu, lililopata umaarufu baada ya mkutano ulioandaliwa chini ya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, huko Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968, wakati programu zilipokuwa zimekuwa kubwa na ghali kiasi cha kuwashinda waliozitengeneza. Waliolichagua jina hilo walikusudia kuichokoza fani, kwamba programu nazo zinastahili kujengwa kwa nidhamu kama ya uhandisi. Leo makampuni humwita mwandishi wa programu yeyote mhandisi, na kama cheo cha kazini sina ugomvi nacho, mradi msomaji ajue kwamba cheo cha kazini ni kitu kimoja na taaluma iliyosajiliwa ni kitu kingine.

Anayeutaka uhandisi wa kompyuta wenyewe ajue kwamba katika kozi za uhandisi hisabati, fizikia na kemia haziepukiki, kwa hiyo aliyeiacha fizikia kidato cha tatu kwa kuwa anapenda kompyuta amejifungia mlango bila kujua. Masomo ya uhandisi huchukua miaka mitano katika vyuo vikuu vyetu, wakati sayansi ya kompyuta huchukua minne. Katika ukanda wetu, Maseno inafundisha sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari; Masinde Muliro, mjini Kakamega, inafundisha pia uhandisi wa umeme na mawasiliano, ambao ni jirani wa karibu wa uhandisi wa kompyuta na umewapeleka wengi katika kazi zilezile. Kabla ya kujaza chaguo lolote la KUCCPS, asasi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo nchini, mzazi na mwanafunzi wasome jina kamili la kozi, kisha walitafute katika orodha ya kozi ambazo Bodi ya Wahandisi inazitambua, kwa kuwa kozi mbili zenye majina yanayokaribiana zinaweza kuwa na hatima tofauti mbele ya bodi.

Wasitarajie pia kwamba kazi itawasubiri katika duka la kompyuta. Nafasi nyingi zinazotangazwa mjini Kisumu kwa jina la kompyuta zinamtaka mwandishi wa programu au msimamizi wa mtandao, na mtu wa saketi hutafutwa kwingine: katika mitambo ya mvuke ya Olkaria, kaunti ya Nakuru, ambako umeme umezalishwa tangu 1981 na ambako mitambo huongozwa kwa kompyuta zisizo na kibodi wala skrini za kawaida, katika viwanda vya sukari na majani chai, ambako mizani na vitambuzi vya joto lazima viseme ukweli, katika kampuni za simu, na sasa katika utengenezaji wa chipu, ambao umeanza kwa kiwango kidogo huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Ni uwanja mwembamba kuliko ule wa programu, na anayeuchagua auchague kwa sababu anapenda kujua umeme unafanya nini ndani ya kitu.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyehitimu sayansi ya kompyuta na ambaye watu wa nyumbani wanakuita mhandisi, si lazima uwakosoe wazee mbele ya wageni. Inatosha kwamba wewe mwenyewe ujitambulishe kwa taaluma uliyoisomea, ukitaje cheo cha mhandisi wa programu kama cheo cha ofisini kwako, na uziache herufi za Eng. mbele ya jina lako kwa waliosajiliwa na Bodi. Ukizitaka nawe, anza na shahada ya uhandisi inayotambuliwa, kwa kuwa miaka ya kuandika programu, hata iwe mingi na yenye sifa, haihesabiwi badala yake.