Ulezi wa kitaaluma si semina elekezi, wala si ukaguzi

Ulezi wa kitaaluma ni uhusiano wa muda mrefu ambao mhadhiri mzoefu anamsaidia mhadhiri mpya akomae katika kufundisha, kutafiti na kuwahudumia wanafunzi wake. Maana ndiyo hiyo, haina mafumbo. Kinachonisukuma kuandika ni mizigo isiyo yake ambayo neno hili linabebeshwa.

Mzigo wa kwanza ni mwepesi. Chuo kinaandaa semina elekezi, wahadhiri wapya wanaonyeshwa mfumo wa kuingizia alama na kanuni za mitihani, kisha ripoti ya mwaka inaandika kwamba wamelelewa. Semina inahitajika, sikatai. Ila siku ya semina maswali magumu ya mhadhiri mpya yanakuwa hayajazaliwa. Yanazaliwa katikati ya muhula, nusu ya darasa inapofeli jaribio la kwanza, naye hajui kama kilichokosewa ni swali, ni ufundishaji, au ni wanafunzi kukosa msingi wa somo.

Mzigo wa pili ndio unaonikera. Mhadhiri mpya anapangiwa “mlezi”, na mlezi huyohuyo ndiye anayejaza fomu ya kumthibitisha kazini.

Mwaka 1967 Michael Scriven, mtaalamu wa tathmini, alitenganisha tathmini za aina mbili: ile inayofanywa kazi ikiendelea ili iboreshwe, na ile inayofanywa mwishoni ili itolewe uamuzi. Mwenzake katika fani hiyo, Robert Stake, aliiweka kwa njia ambayo hata asiye mwanataaluma anaielewa: mpishi akionja supu, hiyo ni ya kwanza, wageni wakiionja, hiyo ni ya pili. Chuo kinahitaji zote mbili. Tabu inaanza pale mgeni anapoingia jikoni na kijiko chake, akidai amekuja kusaidia kupika.

Mtu anayejua kwamba udhaifu wake utaandikwa, anauficha. Akiambiwa mlezi atakuja kuketi darasani, anachagua mada anayoimudu kuliko zote, anapanga slaidi zake, siku inapita vizuri. Ile mada inayomtoa jasho kila mwaka haionwi na mtu, isipokuwa wanafunzi. Robert Boice, aliyewafuatilia wahadhiri wapya katika vyuo vya Marekani kwa miaka mingi, aliwakuta wengi wakiandaa vipindi kupita kiasi na kumwaga mambo mengi kwa kasi, kwa kuchelea kukosolewa. Huo ni ugonjwa wa hofu, na hofu haitibiwi kwa kuongeza mkaguzi.

Kuna watakaosema mlezi asiye na mamlaka hana faida. Hapo tuelewane. Kathy Kram, katika utafiti wake wa mwaka 1985 kuhusu ulezi makazini, alionyesha kwamba mlezi ana kazi za pande mbili: kumsukuma mtu mbele katika ajira yake, na kumtegemeza kama binadamu. Upande wa kwanza unahitaji mtu mwenye uzito: anayekusemea kikaoni, anayekuingiza kwenye mradi wa utafiti, anayekukinga usirundikiwe kozi ambazo wakongwe wamezikimbia. Mlezi anaweza kuwa profesa mwenye sauti kubwa kuliko wote idarani. Lakini kukusemea ni jambo moja, na kukuhukumu ni jingine. Pale kamati inapojadili jina lako, mlezi wako atoke nje, au aseme wazi kwamba yeye ni mlezi wako.

Kwa wanafunzi, tofauti hii haiko mbali hata kidogo. Dodoso wanalojaza mwisho wa muhula halimsaidii aliyelijaza. Yeye ameshamaliza kozi. Njia ya mlezi ni nyingine. Katikati ya muhula mtu wa nje anaingia darasani, mhadhiri anatoka, wanafunzi wanajadiliana kwa makundi: nini kinatusaidia kuelewa, nini kinatukwamisha, tungependa kibadilike nini. Majibu yanakusanywa bila majina na kukabidhiwa mhadhiri peke yake. Wiki inayofuata anawaambia wanafunzi atabadilisha lipi, lipi hataligusa, na kwa nini. Nakala ya majibu hayo ikipelekwa kwa mkuu wa idara, hata kwa nia njema, muhula ujao mhadhiri huyo hatamruhusu mtu wa nje kuingia.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa idara, yule mnayemtuma kuketi nyuma ya darasa na fomu ya alama ana jina lake tayari, ni msimamizi. Ni kazi ya heshima na lazima mtu aifanye. Mwiteni hivyo, kisha mtafutieni mhadhiri mpya mlezi, mtu mwingine.