Rangi ya kaki sio cheti cha mazingira

Leo wacha niandike, juu nimechoka kuongea. Kazi yangu ni kushauri kampuni kuhusu karatasi na vifungashio na kukagua viwanda vinavyozitengeneza. Kila klayenti anayetaka kuonekana ekofrendli, awe wa hoteli huko Westlands, wa duka la nguo ama ni bwana harusi anachapisha kadi pale River Road, ombi ni lile lile tu: nipatie ya kaki, ile ya kahawia, ile ya risaiko. Ukimwuliza ni nani alimwambia kaki ni ya risaiko anakuangalia kama wewe ndio hujui kazi.

"Kaki ni ya risaiko, nyeupe ndio inaharibu mazingira"

Kaki ni rangi. Basi. Watu wanachukulia karatasi kama unga, ati ya kahawia ndio dona na nyeupe ndio ile imekobolewa ikaharibiwa. Karatasi haifanyi kazi hivyo.

Ile kaki ngumu unayoipenda, ya mifuko ya shopingi yenye kamba, ya bahasha kubwa, ya mifuko ya simiti, mara nyingi ni mbao mbichi kabisa, mti uliokatwa kwa kazi hiyo. Na iko hivyo kwa sababu ya maana: msonobari una nyuzi ndefu na nyuzi ndefu ndio zinashika uzito, wakati karatasi iliyochakatwa upya ina nyuzi fupi zilizochoka, ukiweka simiti kilo 50 ndani yake utaiokota barabarani. Ni ya kahawia juu lignini (ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti) imebaki ndani, haijapaushwa, si kwa sababu imewahi kuwa gazeti ama katoni ya mtu. Na hapa kwetu kuna uwezekano mkubwa hiyo karatasi ilikuja na meli hadi Mombasa.

Sasa sikia inavyotengenezwa. Vipande vya mbao vinapikwa na magadi makali na salfidi ya sodiamu kwenye mtungi wa presha, joto linafika kama nyuzi 170, lignini inayeyuka na karibu nusu ya ule mti ndio inabaki kama nyuzi za karatasi. Hiyo salfa ndio inaleta ile harufu ya mayai viza. Mtu yeyote aliyelelewa Webuye enzi za Panpaper anaijua hiyo harufu bila kuelezwa, na anajua pia mabati ya nyumba yalivyokuwa yanakula kutu haraka, na maneno yaliyokuwa kuhusu maji ya mto Nzoia, hadi kiwanda kikafungwa 2009 (kilinunuliwa 2016 na mwenye mpya). Kwa hivyo ukiniambia unataka kaki "ya asili" mimi nasikia salfa. Sisemi ni mbaya, nasema usiniuzie hadithi ya asili.

Na upande wa pili ndio unawachanganya watu zaidi. Kiwanda kizuri cha mbao mbichi hakimwagi ile lignini, kinachemsha yale maji meusi yanayobaki baada ya kupika mbao mpaka yawe mazito halafu kinayachoma kwenye boila maalum, kinapata mvuke na stima, na zile kemikali kinazirudisha zitumike tena. Viwanda bora vya aina hiyo vinabaki na stima ya kuuza. Kiwanda cha kuchakata upya hakina maji meusi, hakuna lignini ya kuchoma, kwa hivyo kila tone la mvuke linatoka kwa fueli ya kununua. Na mvuke ndio kila kitu kwa karatasi, manake mashine ikimaliza kukamua, karatasi bado ni karibu nusu maji, na hayo maji yaliyobaki hayatoki isipokuwa kwa moto. Ati kiwanda kinatumia stima safi ya Kenya Power? Sawa, karibu asilimia 90 ya stima yetu ni jotoardhi, maji, upepo na jua, hongera Olkaria, lakini stima inazungusha mashine tu, ni boila inayokausha. Swali langu la kwanza nikiingia kiwanda chochote ni boila inachoma nini, na ni swali ambalo klayenti hajawahi kuniuliza hata mmoja, wanauliza rangi.

Halafu tope. Ukichakata karatasi kuukuu unabaki na nyuzi fupi zisizoshika tena, wino, gundi, pini za stepla, vipande vya plastiki. Hiyo yote inaenda wapi? Kuna maji ya kusafisha pia, yanasafishwa na nani kabla yaingie mto? Ukiwa Industrial Area umeona Ngong River iko rangi gani, sihitaji kuongeza neno. Kiwanda cha risaiko kilicho na mtambo wa kusafisha maji unaofanya kazi kweli (si ule unawashwa siku ya mkaguzi) ni kitu cha kupigiwa makofi. Kisicho nacho hakiokolewi na neno risaiko kwenye geti.

Kwa ujumla bado nitakuambia karatasi kuukuu ni bora kuliko kukata mti mpya kwa matumizi mengi, hasa tishu, trei za mayai na katoni, inatumia nishati kidogo kwa jumla, na kila tani inayofika kiwandani ni tani haikufika dampo la Dandora. Hapo sina ubishi. Nairobi tuna viwanda vinavyotengeneza tishu kutoka karatasi kuukuu, Chandaria kule Baba Dogo ni mfano unaojulikana, na hiyo tishu inatoka nyeupe pepepe! Nyeupe, na ni ya risaiko. Wakati huo huo mfuko wako wa kaki ni mti mzima. Na kuna katoni za risaiko ambazo kiwanda kinaziongeza rangi ya kahawia ndio zifanane na ile ya mbao mbichi, yaani ile rangi unayoiamini imetoka kwa ndoo.

Ukitaka kubahatisha kwa mkono, chana. Ya mbao mbichi inabisha na ukingo uliochanika unatoa nywele ndefu, ya risaiko inachanika kirahisi na ukiangalia karibu utaona vidoadoa. Ni dalili tu, si ushahidi. Ushahidi uko kwa makaratasi ya saplaya, nitafika hapo.

"Lakini nyeupe ina klorini"

Hii ni habari ya zamani. Miaka ya 1980 ndio iligunduliwa kwamba kupausha rojo (ule uji wa nyuzi unaotengeneza karatasi) kwa gesi ya klorini kunatoa dayoksini, sumu mbaya kweli, na tasnia ikabadilika. Leo sehemu kubwa sana ya rojo nyeupe duniani inapaushwa na klorini dayoksaidi, ambayo ni kitu tofauti na ile gesi, na nyingine na oksijeni, ozoni na peroksaidi bila klorini yoyote. Herufi za kutafuta ni ECF (bila gesi ya klorini) ama TCF (bila klorini yoyote). Saplaya akishindwa kukuambia ni gani kati ya hizo, tafuta saplaya mwingine. Ndio, isiyopaushwa inaokoa kemikali na gogo moja linatoa karatasi zaidi kidogo, hiyo pointi nawapa, lakini si ndio sababu mnaniambia mnataka kaki, mnaniambia ni risaiko.

"Iko na ile alama ya mti, kwa hivyo imechakatwa upya"

Hapana. Hiyo alama ni ya FSC (Forest Stewardship Council), shirika la kimataifa lililoanzishwa 1993 kwa ajili ya misitu, kuhakikisha mbao imetoka msitu unaotunzwa vizuri. Lebo ziko aina tatu na zinasema wazi: FSC 100% ni mbao ya misitu yenye cheti tu, FSC Recycled ni ya kuchakatwa upya, na FSC Mix ndio hiyo utaiona kila mahali, mchanganyiko, angalau asilimia 70 iwe ya misitu yenye cheti ama ya risaiko na inayobaki iwe mbao iliyochunguzwa. Soma neno lililo chini ya mti bana, ni neno moja.

Na hata lebo yenyewe haikuambii mambo ya boila wala mto. Ni ya msitu, ndio kazi yake.

Ushauri wangu ambao timu za ununuzi zinauchukia: usiangalie boksi, angalia invoisi. Kampuni yenye cheti inatakiwa iandike kwenye invoisi dai lenyewe, Mix ama Recycled, pamoja na namba ya cheti, na hiyo namba unaitafuta mwenyewe mtandaoni kwenye orodha ya FSC, inachukua muda mfupi kuliko kunipigia simu. Saplaya wengi wakiulizwa namba wanaanza kukuambia vile wamefanya biashara miaka mingi. Hiyo si namba.

"Usichapishe hii imeili, okoa misitu"

Hii inanichekesha. Dunia nzima, karibu nusu ya mbao inayokatwa ni ya kuni na makaa, na Afrika ni karibu asilimia 90 kwa takwimu za FAO. Tangu Webuye ifungwe, rimu yako ya A4 haijatoka Mau wala Aberdare, imetoka ng'ambo kwa kontena, na msitu wetu unaliwa na makaa na mashamba. Haimaanishi karatasi haina hatia. Kule Sumatra msitu wa asili ulifyekwa na ardhi ya peti (udongo wa kinamasi) ikakaushwa ili wapande akasia ya kutengeneza rojo, na ndio maana FSC ilikata uhusiano na kampuni ya karatasi ya Asia Pulp & Paper mwaka 2007. Swali ni msitu gani, na imeili yako yenye mstari wa kijani chini haijibu hilo.

"Tulitoka plastiki tukaenda karatasi, tumemaliza"

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 niliiunga mkono na bado naiunga, mitaro yetu ilikuwa imeziba. Lakini kuoza sio kila kitu. Shirika la mazingira la Uingereza lilichapisha hesabu mwaka 2011, mfuko wa karatasi inabidi utumike mara 3 ndio ulingane kwa joto la dunia na ule mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Sasa niambie mfuko wa karatasi uliofika mara 3 Nairobi mvua ya Aprili ikiwa imeanza. Na ule ulioenda Dandora ukafukiwa chini ya taka zingine unaoza bila hewa, unatoa methani. Kama duka lako linatoa mfuko wa kaki wa gramu 120 kwa mita mraba kwa kila pea ya soksi, hapo hujasaidia mtu.

"Karatasi zote zinachakatika, tena milele"

Nyuzi zinakatika kila raundi, kawaida watu wa kiwanda wanahesabu raundi 5 hadi 7 hivi halafu zinaisha kwa tope. Lazima nyuzi mpya ziingie mahali fulani. Na hizi weka kando kabisa: vikombe vya kahawa (ndani kuna plastiki), karatasi iliyolaminetiwa, boksi la piza lenye mafuta, tishu iliyotumika, na risiti za mashine ya ETR, zile zinaandika kwa joto, juu nyingi zina kemikali inayoitwa bisfenoli na zikiingia kwa rojo zinachafua kila kitu. Watu wanazijaza kwa pipa la karatasi wakijisikia vizuri.

La muhimu kuliko yote, karatasi ikae KAVU. Yule jamaa wa mkokoteni anayekuja kuzichukua analipwa kwa mizani, karatasi nyeupe ya ofisi safi ina bei yake na iliyochanganyika na mabaki ya githeri ina bei nyingine ama inakataliwa. Weka pipa la karatasi mbali na jikoni. Nimesema hivi kwa ofisi nyingi na bado nakuta majani ya chai juu ya ripoti za mwaka.

"Hiyo ni kazi ya NEMA na kiwanda"

Ilikuwa kazi ya kiwanda na NEMA, mamlaka ya mazingira. Sasa kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni za wajibu wa mzalishaji za 2024, na vifungashio vimo. Kama ni wewe uliagiza kontena la mifuko ama bidhaa zako zinaingia sokoni ndani ya maboksi, mzalishaji ni wewe, si yule fundi wa China. Ongea na wakili wako mapema.

"Karatasi yenye maadili ni ghali"

Inategemea unanunua nini. Kabla ya lebo na vyeti vyote, punguza uzito. Rimu ya A4 ya gramu 80 (kwa mita mraba) ina kilo 2.5, ya gramu 70 ina kilo 2.2 hivi, hapo umeondoa asilimia 12.5 ya nyuzi, maji na mvuke kwa kila ukurasa na mara nyingi bei inashuka pia. Ongeza kuchapisha pande mbili. Klayenti atasema gramu 70 inaonekana hafifu, lakini ni ya ankara za ndani hiyo, nani anaiangalia kwa mwanga? Kama una wasiwasi na printa kukwama nunua rimu moja kwanza uijaribu wiki nzima, uihifadhi mahali pakavu, ndio uagize maboksi.