"Borrow" na "lend": nani anamdai nani?

Jirani yangu ni fundi cherehani. Jioni moja alikuja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akasema, "Mwalimu, hebu nisomee hii kabla sijaituma." Ilikuwa barua ya Kiingereza kwa mama mmoja Mwingereza aliyekaa mtaani kwetu miaka miwili kisha akarudi kwao. Alipoondoka alimwachia fundi mashine yake ya ovaloki, akamkatia na shilingi laki sita za kuongezea mtaji wa vitambaa, zote kwa makubaliano kwamba zitarudi. Sentensi ya pili ya barua ilisema hivi: "I lent from you 600,000 shillings and you borrowed me the machine."

Tahajia safi, mwandiko mzuri, ila deni limegeuka kichwa chini miguu juu. Kwa msomaji wa kule, "I lent" inamaanisha kwamba fundi ndiye aliyetoa pesa. Akiendelea anakutana na "from you", ambayo inasema pesa zimetoka kwake yeye msomaji. Kwenye mashine ndiyo kabisa: "you borrowed" inamfanya yule mama kuwa ndiye aliyekuja kuomba. Kwa barua ya madeni, hilo si kosa la kuchekea.

Tofauti yenyewe ni fupi. "Borrow" ni ya mwenye kupokea, "lend" ni ya mwenye kutoa. Kitu ni kilekile, siku ni ileile, watu ni walewale wawili. Kinachobadilika ni nani amekaa mwanzoni mwa sentensi. Nikisema "I borrowed a pen from Asha", mimi ndiye niliyepata kalamu. Nikisema "Asha lent a pen to me" au "Asha lent me a pen", kalamu imekwenda njia ileile, kutoka kwa Asha kuja kwangu, ila safari hii nimeanza na Asha. Ndiyo maana "borrow" hutembea na "from", inakotoka, na "lend" hutembea na "to", inakokwenda. Ukizishika hizo mbili kwa pamoja, hata ukisahau maana katikati ya mtihani, "from" itakukumbusha.

Na hapo ndipo "Can you borrow me your pen?" inapoangukia. Sentensi hiyo utaisikia madarasani na maofisini kwetu kila siku ya Mungu, hata kwa watu wenye digrii. Walimu huikemea kwamba ni uvivu. Mimi nadhani ni Kiswahili kinachosema kupitia mdomo wa Kiingereza.

Tazama kitenzi chetu "azima". "Nimeazima kitabu" ni nimekipata kwa mtu. "Niazime kitabu" ni nipe mimi. Kitenzi hakikubadilika hata herufi moja ya mzizi. Kazi yote imefanywa na kile kijisilabi "ni". Wapo wanaosema "niazimishe" ili wasieleweke vibaya, lakini wengi wetu hatuhitaji. Kwa hiyo mtu aliyezoea kitenzi kimoja kwenda na kurudi, akifika kwenye Kiingereza anachukua "borrow", anaiwekea "me", na kwake mambo yamekwisha.

"Kopa" inatutega kwa njia nyingine. Hiki kina mwenzake wa kutoa, "kopesha", kwa hiyo ungedhani tumeshapona. Lakini sikiliza: "Juma amenikopa elfu kumi." Hapo mimi ndiye ninayedai. Ule "ni" katikati ya kitenzi ni mimi niliyetoa pesa. Kiingereza hakikubali kumweka mtoaji hapo, lazima kimtoe nje na kumfungia "from": "Juma borrowed ten thousand from me." Ukitafsiri neno kwa neno unapata "Juma borrowed me ten thousand", na msikilizaji akikuhurumia atadhani Juma ndiye amekupa. Yaani amekusikia kinyume kabisa.

Wala hatuko peke yetu. Wajerumani wana "leihen", Waholanzi wana "lenen", na vitenzi hivyo hufanya kazi zote mbili kama "azima" yetu. Huko Wisconsin na Minnesota, Marekani, walikohamia Wajerumani na Waskandinavia wengi, bado wapo watu wanaosema "borrow me" nao Kiingereza ni lugha ya mama. Kwa hiyo mwanafunzi akikosea, asahihishwe, lakini asisimamishwe mbele ya darasa.

Sasa, jambo ambalo vitabu vya sarufi huliruka ndilo linalonifurahisha zaidi. Kiingereza kimetenganisha mkono unaotoa na unaopokea, lakini kimeacha kutenganisha kitu ambacho sisi hatuwezi kuishi bila kukitenganisha: nini kitarudi. Ukiazima, unarudisha kilekile. Jembe ulilopewa ndilo utakalopeleka, na kama mpini umevunjika utajieleza. Ukikopa, unarudisha thamani yake. Noti ya elfu kumi uliyopewa imeshakwenda sokoni. Utakayolipa ni nyingine. Watu wa pwani wana hata neno "karadha" kwa mkopo wa pesa usio na riba, na hakuna atakayekwambia amekupa jembe karadha.

Methali zetu zimelinda mpaka huo. "Nguo ya kuazima haisitiri matako", kwa sababu mwenyewe anaweza kuidai hata ukiwa katikati ya ngoma. "Kukopa harusi, kulipa matanga", kwa sababu ulichokula hakirudi, unatafuta kingine. Jaribu kubadilisha vitenzi uone. Nguo ya kukopa inasitiri vizuri tu; ni yako, kilichobaki ni kumalizana na mwenye duka.

Kwa Mwingereza, jembe ni "borrow", na elfu kumi ni "borrow". Hata kikombe cha sukari kutoka kwa jirani ni "borrow", ingawa sukari ile itanywewa kwenye chai na hakuna atakayeirudisha punje kwa punje. Lakini angalia, hapa pana shimo jingine. Ukikopa sukari dukani, ukaandikwa kwenye daftari la mwenye duka, hiyo kwa Kiingereza si "borrow" hata kidogo. Umenunua, ila hujalipa; wao husema "buy on credit". Ukimwambia mgeni "I borrowed sugar from the shop", atashangaa ni duka gani hilo linaloazima sukari na kungoja irudishwe sukari. Kile kibao cha "leo taslimu, kesho mkopo" kinahusu "credit".

Mpaka wetu wenyewe nao unaanza kufifia, na mpira una mkono wake humo. Mwaka 2021 Mbwana Samatta alitoka Fenerbahçe ya Uturuki kwenda Royal Antwerp ya Ubelgiji, na mwaka uliofuata akaenda Genk, mara zote mbili "kwa mkopo", ndivyo tulivyosoma na kutangaziwa. Kwa kipimo cha bibi yangu, mchezaji anaazimwa. Atakayerudi ni yeye yule, na magoti yake yaleyale, si mchezaji mwingine wa thamani hiyo. Lakini Kiingereza kinasema "on loan", na "loan" tumezoea kuitafsiri "mkopo" kwa sababu ya benki, basi Samatta naye akawa mkopo kama mfuko wa saruji. Sasa imeshakomaa, na atakayesema "Antwerp imemwazima Samatta" ataonekana ndiye mgeni wa lugha.

Hiyo "loan" ndiyo jina la kinachotolewa, iwe pesa, mchezaji au mchoro uliopelekwa jumba jingine la makumbusho. Marekani wanaitumia pia kama kitenzi, "he loaned me his car", na hakuna anayeshtuka. Uingereza wengi wanapendelea "lent" hapo, ila kwenye mambo ya wachezaji na michoro hata wao husema "loaned". Ukiwa unaandikia mtahini, baki na "lent". "Lended" haipo. Na ukikutana na "Lent" yenye herufi kubwa, hiyo ni Kwaresima, neno jingine lenye asili yake, halina uhusiano na madeni.

Kuhusu kukodi na kupanga, kwa ufupi: ukilipia matumizi, umetoka kwenye "borrow". Nyumba ni "rent", suti ya harusi ni "hire" kwa Mwingereza na "rent" kwa Mmarekani. Pesa ndiyo inayobaki kuwa "borrow" hata ikiwa na riba.

Kuna sharti moja zaidi ambalo halisemwi mara nyingi. Kwa kawaida kitu unacho-"borrow" ni kitu unachoweza kuondoka nacho. Ndiyo maana ukiwa nyumbani kwa watu unauliza "Can I use your toilet?" Ukisema "borrow" wataelewa, ila watacheka, kwa sababu wamekuona ukitoka mlangoni na sinki begani. Chaja ya simu ukichomeka palepale mezani ni "use". Ukienda nayo chumbani ni "borrow".

Maneno yenyewe ni ya kale. "Borrow" lilianzia kwenye neno la Kiingereza cha kale, "borg", lililomaanisha dhamana: aliyepokea kitu aliweka rehani au mtu wa kumsimamia. Kwa Kijerumani bado mdhamini huitwa "Bürge", ndugu wa neno hilohilo. Kwa hiyo mzizi wake unanuka ahadi ya kurudisha. "Lend" zamani halikuwa na "d" mwishoni. Ilibandikwa baadaye, ikaganda. "Loan" ilifika na watu wa Skandinavia. Lipo neno la kukopesha ambalo lenyewe limekopwa, na halijarudishwa hadi leo.

Maana hazikuishia kwenye pesa na kalamu. "Lend a hand" ni kumshika mtu mkono kwenye kazi, "lend an ear" ni kumtegea sikio. Mtu anayeishi "on borrowed time" ni yule ambaye siku zake zilikwisha zamani, anakula za nyongeza. Na kwenye hesabu za kutoa, 52 toa 17, mtoto wa Kiingereza anaambiwa a-"borrow" kumi kutoka upande wa makumi kwa kuwa mbili haitoshi kutoa saba. Sijawahi kuona mwalimu akiirudisha ile kumi.

Mahali ambapo ningekuomba usome pole pole ni kwenye mkataba. Mikataba mingi ya mikopo, ya benki na ya kwenye simu, huandikwa kwa Kiingereza, na ukurasa wa kwanza hutaja pande mbili kisha huacha kutumia majina. Tangu hapo ni "the Lender" na "the Borrower" hadi mwisho. "Lender" ni mkopeshaji, "Borrower" ni mkopaji, ni wewe. Maneno hayo mawili yanafuatana kwenye mstari mmoja mara kumi kwenye ukurasa mmoja, na sentensi kama "the Lender may recover from the Borrower all costs" ina mtu mmoja anayelipa gharama zote. Nimeshaona mtu mzima akitikisa kichwa kwa kuridhika akidhani hapo ameahidiwa kitu. Andika kwa kalamu, pembeni, "mimi" juu ya "Borrower" la kwanza, ndipo uendelee.

Nirudi kwa fundi. Tulikaa kibarazani tukaiandika upya ile sentensi. Kwa Kiswahili alisema vizuri kabisa, bila kufikiri: "Uliniazima mashine na kunikopesha laki sita." Vitenzi viwili, kila kitu na chake. Kwa Kiingereza tukabaki na kimoja: "You lent me the machine and 600,000 shillings." Akaitazama, akauliza, "Mbona imekuwa fupi hivi, mwalimu? Hukuacha kitu?" Nikamwambia hapana, ndivyo wanavyosema wenyewe. Akaomba kalamu, akanakili kwa mwandiko wake, kesho yake akaituma.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kadi yenye picha ya bahari. Salamu, habari za watoto, pole ya mvua, na mwishoni mstari mmoja: "Please don't worry about the loan, it's yours to keep."

Fundi akaisoma mara mbili, akanyanyua macho. "Ni mashine au ni laki sita?"

Ilibidi tuandike tena kuuliza.