Roboti hazifuti makuli wote, zinabadilisha kazi na hela

Pale Unga Limited, Arusha, vijana wanaoshusha fuso wanaambiana eti roboti zikifika maghalani basi kuli kwisha habari yake. Jamani sio hivyo. Angalia Amazon, kampuni ya Marekani inayouza vitu mtandaoni, 2012 walinunua kampuni ya roboti za ghala inaitwa Kiva Systems kwa dola milioni 775, mwaka huo wafanyakazi wao wote walikuwa kama elfu 88, kufika 2023 wakawa kama milioni moja na nusu, maana mizigo nayo iliongezeka sana. Kilichobadilika ni kazi yenyewe, roboti inakuletea shelfu hadi ulipo, hutembei tena siku nzima, ila skana inahesabu kila unachogusa na spidi inakubana kwelikweli.

Na hela? 2018 walipandisha kima cha chini hadi dola 15 kwa saa, lakini bonasi za kila mwezi wakazifuta.

Sasa wewe unayelipwa kwa gunia, foklifti ikibeba gunia lako hiyo hela inaenda kwa nani? Hapo ndo pa kukomaa mapema, dai posho ya siku na ufundishwe kuiendesha hiyo foklifti.