Kuogelea na papa potwe Kilindoni, Mafia

Potwe, papa aliye samaki mkubwa kuliko wote, hana haja na nyama ya mtu. Huku kisiwani Mafia anafuata uduvi na dagaa, na kuanzia Oktoba hadi Machi chakula hicho humleta karibu kabisa na pwani ya Kilindoni. Cha kuchunga ni mkia wake, rafadha ya boti na papara zetu wenyewe.

Kosa ninaloliona likirudiwa zaidi ni boti kumkimbilia potwe na watu kujitupa majini mbele ya mdomo wake. Macho yake ni madogo, yako pembeni; kitu kikimtokea ghafla puani huzama, na huyo keshaenda. Nahodha apite mbali kwa ubavuni, amtangulie kidogo, aweke gia huru. Waogeleaji wateleze majini taratibu, bila kuruka, wamngoje apite. Kisha mwende naye sambamba, usawa wa mapezi ya kifuani: mita 3 kutoka mwilini, 4 kutoka mkiani. Miguu ipige chini ya maji. Mapovu na kishindo humkera. Boti moja kwa potwe mmoja, na watu wasizidi 10.

Akikugeuzia mgongo au akitetemeka ngozi, amechoka nawe. Mwache. Usimshike hata kidogo: ngozi yake ni kama msasa, itakuchubua, naye atakatiza kula. Flashi izimwe. Badala ya kujipaka mafuta ya jua, vaa fulana ya mikono mirefu.

Wavuvi wa dagaa hukutana naye kwa namna nyingine, kwani wavu wa kuzungushia samaki humfungia potwe ndani pamoja na dagaa. Njia salama ni kuizamisha kamba ya maboya upande anaoelekea, atoke mwenyewe. Ukimfunga kamba mkiani na kumburura utamuumiza vibaya, na spishi hii tangu 2016 imo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Kama una kamera, piga ubavu wa kushoto, nyuma tu ya matamvua, juu ya pezi la kifuani. Madoa ya hapo hayafanani kwa potwe wawili, ndiyo yanayowatambulisha kwa watafiti. Andika tarehe, mahali na urefu wa kukadiria. Ukiona vijiti viwili chini ya tumbo, karibu na mapezi ya nyuma, ni dume. Wengi wa Kilindoni ni madume ambayo hayajakomaa.